Yuko darasa la tatu na bado hasomi

SWALI: Mshauri, salaam. Mwanangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu katika shule ya msingi hapa Tanga mjini. Ukimsimulia hadithi huikamata yote, lakini ukimpa kitabu herufi humchanganya. Shuleni nimeambiwa nisubiri, kwa kuwa mwalimu wa elimu maalumu ni mmoja na wanaomngoja ni wengi. Mbona zamani hatukuwaona watoto wa namna hii? Nami nisubiri mpaka lini?
Mama wa Ngamiani

JIBU: Mama, watoto hao walikuwapo. Wengine hawakuandikishwa kabisa, wengine waliitwa wazito, wakachapwa, hatimaye wakaacha shule kimyakimya. Michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, wengi waliokuwa wakibaki nyumbani waliingia darasani, na idadi ya walimu wa fani hii haikuongezeka kwa kasi hiyo. Kwamba sasa wanaonekana, mimi nafurahi. Linaloniuma ni mtoto kuambiwa angoje huku miaka yake ya kujifunza kusoma ikipita.

Kwa hiyo usingoje. Mpeleke kwanza Hospitali ya Bombo apimwe macho na masikio, maana mtoto asiyeuona ubao vizuri hawezi kukueleza hivyo: hudhani kila mtu anauona kama yeye. Akikutwa mzima, rudi kwa mwalimu wake wa darasa, wala si lazima awe na cheti cha elimu maalumu, umwombe amkalishe mbele, amsomee maswali kwa sauti na akubali baadhi ya majibu kwa mdomo. Nyumbani msome pamoja sentensi chache kila jioni, pasipo kumlinganisha na ndugu zake.

Wakati huohuo mwandikie mwalimu mkuu barua ya kuomba mtoto afanyiwe tathmini, nakala uipeleke kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, nawe ubaki na yako iliyogongwa muhuri. Tathmini ikibainisha ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma katika shule ya kawaida na kupatiwa msaada unaomfaa.

Fanya hayo mwaka huu, kwa kuwa mwakani ana upimaji wa darasa la nne. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, lakini ni lazima shule iwe imeitaja hali ya mtoto mapema, wakati wa usajili.