Jibu: Mwigizaji anashindwa kumfokea "baba" jukwaani

Habari za Kisumu. Umesema binti wa kikundi chenu anaigiza vizuri, ila akifika pale anapomkemea baba, sauti inakufa na macho yanaenda sakafuni. Amelelewa kutomkazia mzee macho. Hilo si upungufu wa kipaji, kwa hivyo usimwambie "ongeza hasira". Atapiga kelele tu, koo likauke kabla ya siku ya onyesho.

Kwanza angalia nani anaigiza baba. Akiwa ni mtu mzima ambaye yeye humwamkia kwa heshima kila siku, rudieni tukio hilo na kijana wa rika lake kwanza. Kisha mpe lengo, si hisia: anataka baba afanye nini? Atoe karo? Arudishe ufunguo? Ayaseme maneno hayo kwa lugha ya nyumbani, Kijaluo kama ndiyo yake, mara 2 au 3, halafu arudi kwenye Kiswahili kwa mdundo uleule. Mistari ikiwa bado mizito kama hotuba ya chifu, ikate.

Na kufoka si lazima. Akimkaidi baba kwa sauti ya chini, macho bado chini, miguu ikikataa kuondoka, watazamaji wa huko watamwelewa upesi kuliko makelele. Jaribuni hivyo kabla hujampa mwingine nafasi yake.