Petroli ya Miaka Kumi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni kosa gani la mwendelezo katika filamu za dunia iliyoangamia lililowahi kukuharibia utamu?" Nijibu upesi ili niingie kwenye langu: hakuna. Bandeji ikiwa mkono wa kushoto, shujaa akakata kona, ikahamia wa kulia, mimi hucheka na kuendelea kutazama. Filamu hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Mtu anaweza kutoka mlangoni leo akafika barabarani wiki tatu baadaye, na yupo aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, kuandika kovu liko shavu gani na glasi imebaki na maji kiasi gani. Naye hupepesa macho. Mwacheni.

Langu ni petroli.

Mnaijua ile. Miaka kumi imepita tangu watu waishe. Miti imeota hadi ghorofa ya tatu. Shujaa anakuta gari limefunikwa na majani makavu, anafuta kioo kwa kiganja, anaingia, anazungusha ufunguo (ambao siku zote umo humo humo), gari linakohoa mara moja, linawaka. Ukumbi mzima unashusha pumzi. Mimi nimekunja mikono kama mkaguzi wa hesabu.

Sababu ninayo. Baba alipofariki aliacha pikapu. Hakuna aliyeigusa, si kwamba ilikatazwa, ila kila mmoja alidhani mwenzake ndiye ataanza. Ikakaa uani miezi 14. Siku moja mama akasema, "Nataka niisikie tu." Hakusema anataka kwenda popote. Kaka akatoka na ufunguo, mimi nyuma yake, mama akasimama mlangoni.

Kaka alipouzungusha, hata taa za dashibodi hazikuwaka. Betri ya gari hujimaliza yenyewe ikikaa bure, na hiyo ilikuwa imekufa zamani. Tukaazima umeme wa gari la jirani kwa nyaya. Stata ikazunguka vizuri, injini kimya. Tena. Kimya. Nikafungua mfuniko wa tangi, na harufu iliyotoka haikuwa ya petroli, ilikuwa ya vanishi iliyochacha. Kaka akasema tusukume. Tukasukuma hadi viatu vikateleza. Breki za nyuma zilikuwa zimeshikana kwa kutu na tairi mbili zimelala kabisa. Mama bado yupo mlangoni. Ikabidi tuite fundi.

Fundi akafungua kabureta, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi utando wa gundi, rangi ya asali, umeziba vile vitundu vidogo. "Mdogo wangu," akaniambia, "petroli si maji, hii inazeeka." Ile sehemu nyepesi inayoshika moto upesi hupotea hewani, na inayobaki huungana na hewa ikawa gundi. Ikishapita nusu mwaka, akasema, usiitegemee. Panya nao walikuwa wamejenga kwenye chujio la hewa. Hadi leo nakikumbuka kile kiota kwa sababu kilikuwa na nyuzi za bluu, na ilituchukua muda kutambua kwamba ni kile kitambaa ambacho baba alikuwa akifutia kioo. Kazi ilichukua siku mbili: tangi kumwagwa, mipira ya mafuta kubadilishwa, plagi mpya, betri mpya. Jioni ya siku ya pili ikawaka, ikatoa moshi mwingi, ikazima. Mama alikuwa ameshaingia ndani.

Miezi 14, mhariri. Si miaka kumi.

Ndiyo maana filamu ya Mad Max 2 ya 1981 naiachia. Watu wanauana kwa ajili ya petroli, sawa, lakini wale waliozingirwa wanayachimba mafuta na kuyasafisha wenyewe, kwa hiyo petroli yao ni mpya. Hata Waterworld ya 1995 sikuichukia, ingawa iliifunika dunia nzima kwa maji na ukweli ni kwamba barafu yote ikiyeyuka bahari itapanda takriban mita 70 tu. Uongo mkubwa namna hiyo unaujua tangu mlangoni, unaupa kiti, mnaelewana. Anayeniudhi ni mwongo mdogo, anayekuonyesha vumbi sahihi, kutu sahihi, njaa sahihi, halafu anakupunja kwenye tangi. Na hawana kisingizio, maana Pripyat, mji uliohamwa huko Ukraine, ipo na picha zake zimejaa kila mahali. Watu wapatao 49,000 waliondolewa pale tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mlipuko wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl, wasirudi. Miti imepasua lami. Sasa hebu tazama nyuma ya shujaa wako: majani yamekatwa sawasawa kama ya uwanja wa mpira. Kayakata nani?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumalizia kwa kusema kwamba filamu yenye gari la namna ile huwa naizima hapo hapo. Nimeisoma tena aya ya pikapu na naona nitakuwa nawadanganya. Sijawahi kuzima hata moja. Shujaa akishika ufunguo, kabla sijaanza kulalamika, mguu wangu wa kulia huwa umeshakanyaga sakafu kumsaidia.

Basi, liwake. Lakini likohoe zaidi ya mara moja, na betri tumwone ameitoa mahali. Likiwa la dizeli nitashukuru, maana dizeli hukaa zaidi kidogo, ingawa nayo haifiki miaka kumi. Majani yaliyokatwa siyasamehe. Na kama kuna mtu amesimama mlangoni anasubiri kusikia, liwake mara ya kwanza. Petroli nitaipigia hesabu filamu ikiisha.