Mashamba ya zabibu Tanga?

Hapana ndugu, pwani ya Tanga hakuna mashamba ya zabibu ya kutembelea. Zabibu za mvinyo ni Dodoma, kule kukavu wanakovuna mara mbili kwa mwaka. Unyevunyevu wa huku ungezijaza ukungu. Mvinyo pekee ninaoujua mkoani uko milimani: watawa Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni, wilaya ya Lushoto. Ulizia kwanza kama upo kabla ya kupanda gari.

Kinywaji cha pwani yetu ni tembo la mnazi. Barabara ya Pangani utawaona wagema juu ya minazi, kisu kiunoni, wanakata kilele cha kole, yaani shina la maua ya mnazi, na kukinga utomvu. Asubuhi linanyweka kama maji ya sukari, jioni limeshachachuka kali. Uliza wenyeji nani anauza lisilotiwa maji, maana wapo wanaolitia!

Njia hiyohiyo, kama kilomita 17 kutoka mjini, yapo magofu ya Tongoni, msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mapango ya Amboni ni upande wa pili, barabara ya Horohoro, kwa hiyo yapangie siku nyingine.