Maji tulivu ya kupiga kafi Mtwara

Ndugu yangu, umeuliza Mtwara utapata wapi maji tulivu ya kupiga kayaki na marafiki bila haraka. Nenda ghuba ya Mikindani. Ni bahari, sawa, lakini mlango wake ni mwembamba, kwa hiyo ndani maji hutulia kama ziwa.

Kabla hamjapanga siku, waulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa. Ingieni yakiwa yanaelekea kujaa, mpite taratibu kando ya mikoko. Sisi wanne tulichelewa kwa sababu ya soga (na mihogo ya kuchoma, nakiri), siku yenyewe ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yakapwa, tukaburuza vyombo kwenye tope hadi magotini! Kila siku muda wa kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, msitegemee saa ya jana.

Anzeni saa 12 asubuhi, maana mwezi wa 6 na wa 7 upepo wa kusi hukaza mchana. Jaketi la kujiokolea kila mtu avae, hata anayejisifu kuogelea.

Ziwa Rutamba kule Lindi? Zuri, ila kwanza waulizeni wenyeji habari za mamba na viboko.