Shogi la Pikipiki: Soma Hapa Kabla Hujakata Dumu

Punda wa kwetu Pemba alikuwa akibebeshwa shogi: mfuko mrefu wa ukili unaolazwa mgongoni, tumbo moja kulia, jengine kushoto. Aliyelibuni alijua jambo ambalo mimi lilinichukua miaka miwili kulijua: mzigo hukaa ubavuni, si juu ya mkia.

Nauza nyuzi na vipuri vya cherehani. Natoka Chake Chake asubuhi kwa pikipiki, napita Wete, nafika hadi Konde, siku nyengine Micheweni. Boksi langu la kwanza lilikuwa la plaiwudi nene, nimelifunga kwenye keria nyuma kabisa, limepita hata taa. Lilipendeza! Ila likiwa tupu tu lilitaka watu wawili kulinyanyua, na nikishika mlima gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani hausikii. Vuli ilipoingia plaiwudi ikafura, kifuniko kikagoma kufunga. Siku moja napandisha, keria ikakatika pale ilipochomelewa. Burunji za uzi zikateremka na lami, nyekundu, nyeupe, buluu, mpaka kwenye majamvi ya watu walioanika karafuu. Bibi mmoja alinikusanyia kwenye ungo, akanikabidhi bila kucheka: "Mwanangu, mfunge punda wako."

Kwa hivyo nyinyi mnaoanza, fikirieni chuma kwanza, boksi baadaye. Madumu mawili ya mafuta ya kula ya lita 20 yanatosha: ni mepesi, hayafuri kwa mvua, hayaliwi na kutu. Lakini dumu halijibebi. Linataka fremu ya bomba jembamba au nondo ya milimita 10, na nondo msizimwage ovyo, kwani mita moja tu inapita nusu kilo. Fremu ikamate kwa bolti kwenye keria na kwenye chuma cha mwili karibu na pa kukanyagia abiria. Msiifunge hata kidogo kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Ule hupanda na kushuka na shokamzoba, utaivunja fremu mchana kweupe. Kisha unganisheni kulia na kushoto kwa chuma kimoja kinachopita nyuma, la sivyo madumu yatajikunja ndani kutafuta tairi. Kabla ya kukaza, wakalisheni watu wawili juu, mtazame nafasi iliyobaki hadi kwenye tairi. Fundi akitaka kuchomelea chochote fremu ikiwa bado kwenye pikipiki, kwanza waya wa betri utoke.

Upande wa ekzosi acheni vidole vinne na muweke kipande cha bati katikati. Plastiki haisamehe.

Sasa dumu lenyewe. Lioshe kwa maji moto na sabuni mpaka mafuta yaishe, halafu lilaze na ukate mlango upande wa juu. Kila pembe ya mlango toboa kwanza tundu la duara, ndipo ukate kutoka tundu hadi tundu. Pembe kali ndiyo inayoanza kupasuka. Watu wengi huacha upande mmoja bila kukata uwe bawaba. Mimi sipendi, maana plastiki ikikunjwa kila siku huwa nyeupe, mwisho hukatika. Kata kifuniko kutoka dumu la tatu, kizidi mlango vidole viwili kila upande, kilale juu kama kawa juu ya chano. Gundi msihangaike nayo, haishiki plastiki hii. Tumieni bolti na washa pana, na kati ya washa na dumu kipande cha tyubu kuukuu, maji yasipite. Vipande virefu vya tyubu hiyo hiyo ndiyo kamba za kufungia.

Chuma kipakeni rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mapambo. Upepo wetu una chumvi.

Kupakia: vizito chini na mbele, pande zote mbili sawa. Mimi hupima kwa mizani ya duka. Na upana wa madumu usipite usukani. Ilipopenya mikono ya usukani, mkia nao upenye.

Nati zikazeni tena baada ya safari ya kwanza. Ya kushoto yangu niliikuta imelegea nimeshafika Konde, nikaazima spana kwa fundi baiskeli. Sasa spana namba 10 na 12 zinakaa ndani ya dumu, zimeviringwa kitambaa zisigonge bobini.