Ski haina breki ya chukudu: kwa mdogo wangu aliyekwama kwenye nyekundu

Mtoto wa mama mdogo alinipigia wiki iliyopita kutoka Grenoble, Ufaransa. "Yaya, huu msimu wa pili najifunza ski, kuteleza kwenye theluji, na sisongi mbele." Nilikuwa Birere napatana bei ya viazi. Mama muuzaji alinikodolea macho nilipoanza kukunja magoti katikati ya soko ili nimweleze vizuri.

Sisi wa Goma theluji tunaionea Karisimbi tu, asubuhi moja moja, kile kilele cha mita 4,507 kikiamka cheupe. Lakini nilisoma Grenoble miaka mitatu, na nilikwama palepale alipokwama yeye.

Dalili zake ni hizi: mteremko wa bluu unaushuka bila kuanguka (rangi ndiyo inayoonyesha ugumu: bluu ni rahisi, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ngumu zaidi). Ukipanda kwenye nyekundu, hofu inakushika, unaegemea nyuma, unakutanisha ncha za mbele za ski, vile vibao viwili vya miguuni, kama mtoto wa siku ya kwanza, unafika chini mapaja yanawaka moto. Umefika, ndiyo, lakini hujajifunza kitu. Ukiegemea nyuma, ncha za mbele zinakuwa nyepesi na ski hazikusikii tena.

Tena sisi tumelelewa na chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Kijana anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya kabichi, breki yake ni mguu unaokandamiza kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma. Nami nilikuwa natafuta pa kukanyaga. Hapapo. Breki ya ski ni kona yenyewe: unaendelea kupinda mpaka ski zikingame na mlima, mwendo unapungua wenyewe, ndipo unaingia kona inayofuata. Mwalimu mmoja alinionyesha hilo kwa dakika kumi, baada ya msimu mzima wa kukimbilia nyekundu nyuma ya marafiki.

Kwa hiyo lipia mwalimu, ila lipia kwa akili. Darasa la kundi la wiki nzima ni zuri kwa anayeanza. Kwako wewe, saa mbili za mwalimu wa peke yako zinazidi asubuhi tano za kusimama kwenye foleni ukingoja zamu ya kuonyesha kona moja. Bei inatisha, najua. Tafuta rafiki mmoja au wawili wa kiwango chako mgawane, maana mara nyingi unalipia saa za mwalimu, si idadi ya vichwa. Chukua somo siku ya kwanza, fanya mazoezi siku mbili peke yako, kisha rudi kwa mwalimu yuleyule akuone tena. Na usimwambie "mimi ni wa kati", neno hilo halimwambii kitu. Mwambie: bluu nashuka bila shida, nyekundu nafunga ncha, kona ya kushoto inanishinda.

Kuhusu mahali, usidanganywe na ukubwa. Rangi hazilingani: kila kituo cha ski kinapaka mlima wake, na bluu ya huku inaweza kuwa nyekundu ya kule. Wewe unataka bluu ndefu na pana, ambayo utairudia mara kumi bila kuchoka. Alpe d'Huez, kwenye mita 1,860, iko hivyo: juu tu ya kijiji kuna uwanja mpana mpole. Wenzako watakutajia Sarenne, ile nyeusi ya kilomita 16. Waache waende. Les Deux Alpes kuna kituko: miteremko mipole iko juu kabisa kwenye barafu ya kudumu, na ile inayoangukia kijijini ndiyo mikali. Jioni, miguu imechoka na theluji imejaa vichuguu, ndipo unakutana nayo. Kabla ya kulipa popote, tazama ramani uone utarudije nyumbani. Kushuka na gari la kebo si aibu.

Likizo za Februari zikimbie. Ufaransa imegawa shule zake katika kanda A, B na C zipishane, kwa hiyo milima inajaa karibu mwezi mzima. Januari baada ya shule kufunguliwa, au Machi, utapata nafasi ya kupinda bila mtu kukupitia mgongoni.

Buti, kidogo tu: soksi jozi moja. Mimi nilivaa mbili kwa kuogopa baridi, nikachukua buti kubwa ziniingie. Mguu ukawa unageuka ndani na ski inaendelea na safari yake.

Kwa kuanza, mdogo wangu, panda basi uende Chamrousse, si mbali na hapo ulipo. Ndiko Mfaransa Jean-Claude Killy alikochukua dhahabu tatu za ski kwenye Olimpiki ya mwaka 1968, na kuna bluu za kukutosha. Ila ukishuka tu kwenye basi, uliza saa ya lile la mwisho la kurudi. Mimi liliniacha, nikasimama kandokando ya barabara na buti mabegani mpaka familia moja ikanihurumia. Walinipakia nyuma, pamoja na mbwa wao.