Kushuka ndiyo ngoma: majibu kwa waendesha baiskeli wa mlimani

Masika yamepungua, njia za msituni zinaanza kukauka, na maswali yenu yamenijaa. Nimeyachukua haya machache. Mengi, ukiyapekua, yanauliza jambo moja tu: nitashukaje?

Nimeona baiskeli ya mtumba yenye springi mbele na nyuma. Muuzaji anasema hiyo ndiyo ya msituni hasa. Niichukue? (Msomaji, Ruaka)

Kwa mtu anayeanza, iache. Shika kiti chake, kiinue na kukishusha harakaharaka. Ukisikia tok-tok, maungio ya nyuma yameliwa, na kuyapatia vipuri vyake ni shughuli nyingine. Hata ikiwa kimya, springi chovu ya nyuma hunesa kama kitanda cha waya: unakanyaga pedali, nguvu inaishia kwenye springi, gurudumu halina habari.

Tafuta yenye springi mbele pekee. Igeuze kichwa chini uangalie pale bomba la chini la fremu linapokutana na shingo. Rangi iliyochanika mstari mwembamba hapo huenda ni ufa, na ufa wa hapo haubembelezwi. Pesa itakayobaki iweke kwenye breki. Rimu huchota kila tope unalopitia, ndiyo maana breki za rimu hupoteza nguvu kwenye maji na hulika upesi. Breki ya disiki imekaa juu, katikati ya gurudumu, mbali kidogo na balaa hilo. Ila tafadhali, mafuta ya cheni yasiiguse. Tone moja likifika, breki itapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa na haitashika kitu.

Jamaa yangu ananiambia nijaze upepo mpaka tairi liwe jiwe, ndipo sitatobokewa. (Msomaji, Thika)

Huyo jamaa ni mtu wa lami. Msituni tairi gumu hudundadunda juu ya mizizi, ilhali laini huukumbatia mzizi na kushika ardhi. Ukiwa na kilo kama 70 na tairi pana la inchi 2.2 lenye tyubu, anzia psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 28 hadi 30 nyuma, mbele punguza mbili. Ukipunguza kupita kiasi, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na utakuta matundu mawili yamekaa sambamba. Ukiyaona hayo usimlaumu mwiba, ongeza upepo. Na mipaka ya tairi lenyewe imeandikwa ubavuni mwake, soma kabla hujashika pampu.

Nampita mume wangu kwenye vilima vyote, lakini tukifika kwenye mteremko wenye mizizi nashuka kwenye baiskeli na kuisukuma, naye ananicheka. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili, Limuru)

Mama, mwache acheke, kusukuma si aibu. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na waliosema hivyo hata baiskeli hawakuwa nayo.

Kabla mteremko haujaanza, simama uteremshe kiti vidole vinne hivi. Kiti kilichobaki juu ndicho kinachokusukuma mbele unapotaka kurudi nyuma. Ukianza kushuka, inuka kitini kabisa. Pedali ziwe usawa mmoja, moja mbele na nyingine nyuma, kwa sababu iliyo chini ndiyo itakayogonga mzizi. Magoti na viwiko vilegee. Usikaze mikono kama mtu aliyeshika mlingoti kwenye dhoruba.

Sasa breki. Nadhani hapa ndipo penye hofu yako. Watu wengi hukimbilia ya nyuma kwa kuogopa kurushwa na ya mbele. Lakini baiskeli ikielekea chini, uzito mwingi umehamia mbele. Gurudumu la nyuma limebaki jepesi, likibanwa linaburuzika tu na kuchimba njia. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu. Iminye polepole kwa kidole kimoja au viwili, vingine vishike usukani.

Kinachoangusha watu ni kuibana ghafla wakiwa juu ya mzizi wenyewe. Mzizi uliolowa ni sabuni. Punguza mwendo kabla hujaufikia, ukiwa bado kwenye udongo. Ukiufikia, achia breki, pita ukiukata msalaba, si kwa kuulalia, halafu shika tena upande wa pili. Shika, achia, pita, shika. Ukiweza kuhesabu hayo kimoyomoyo, umeshajua.

Na macho: yatazame unakotaka kwenda, mita tano au sita mbele. Ukilikodolea jiwe, utaligonga. Chagua mteremko mmoja mfupi, hatua thelathini tu, uurudie mara kumi Jumamosi moja. Mume abaki nyumbani na watoto.

Kushuka mbio mlimani kunahitaji nguo gani? Nina jezi na kaptula. (Msomaji, Nanyuki)

Glavu zinazofunika vidole vyote, na koti la kuzuia upepo ndani ya mfuko. Mwaka mmoja nilikuwa nikishuka Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, kutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, hadi langoni, mita 2,650. Ni kilomita kama tisa za barabara ya gari, mteremko wa kumfurahisha hata mtoto. Nilikuwa nimetoka jasho kupanda, mvua ya mchana ikanikuta juu, nami nina glavu zile za vidole wazi. Kufika katikati nilitaka kufunga breki na vidole vikakataa. Naviona vimeshika mkono wa breki, lakini havifungi! Nilijiegesha kwenye ukingo wa nyasi nikalala pale na baiskeli, nikavitia vidole kwapani kama dakika kumi. Siku hizi natoka alfajiri ili saa sita mchana niwe nimeshateremka.

Ni kweli Kilimanjaro unapandika kwa baiskeli? (Msomaji, Moshi)

Kweli, lakini si kwa njia yoyote uipendayo. Hifadhi imeitenga njia ya Kilema kwa shughuli hiyo. Inapita msituni, inatokeza kwenye ule uwanda wa juu wa manyasi ya vishungi na vichaka vifupi, mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720. Taratibu na ada waulize ofisi za hifadhi kabla hujalipa mtu yeyote wa mjini.

Usidanganyike na uwanda ule kwa kuwa unaonekana tambarare kuliko msitu. Msituni unapigana na matope. Juu unapigana na hewa. Kwenye mita 3,700 shinikizo la hewa ni chini kidogo ya theluthi mbili ya lile la pwani, na mapafu yanajua. Tumia gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Kichwa kikiuma na chakula kikakukinai, usipande zaidi, vikizidi, teremka. Wapagazi huwaambia wageni "pole pole" mchana kutwa, na mwenye magurudumu naye hakusamehewa.

Nataka kukata safu za milima ya Aberdare peke yangu, nipite msitu wa mianzi hadi uwandani. (Msomaji, Nyeri)

Hapana, kaka. Mle mna nyati na tembo, na baiskeli haina sauti. Unatokeza kwenye kona ya mianzi, nyati hakukusikia, na kumshtua ndilo kosa lenyewe. Nenda msitu wa Kereita, upande wa kusini wa safu hizo, juu ya Kimende. Kuna njia za baiskeli msituni na baridi yote unayoitafuta. Hata huko, waulize walinzi wa msitu kwanza wanyama wako wapi wiki hiyo.

Pale msitu wa Karura wanaotembea wamejaa njia nzima na hawasogei. Nani ana haki? (Msomaji, Nairobi)

Wao. Msitu ule, hekta elfu moja na kidogo, ungekuwa majumba leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangesimama mbele ya wanyakuzi mwaka 1999, na walisimama kwa miguu. Piga kengele mapema, sema "samahani, napita kulia," punguza mwendo hadi uweze kusikia wanajibu nini. Fuata njia zilizoruhusiwa baiskeli, na kariri nambari za makutano zilizoandikwa kwenye nguzo. Ukianguka utahitaji kumwambia mtu kwenye simu uko nambari ngapi.

Na mvua ikinyesha usiku kucha, usiende asubuhi yake. Bonyeza udongo kwa kisigino. Ukiacha shimo linalojaa maji, rudi nyumbani ukaoshe cheni, kwa maana alama ya tairi lako leo ni mfereji wa mvua ijayo.